Tangazo la Mariana wa Migato

Watu wa Somanda, mjini Bariadi, hawajawahi kukubaliana kuhusu kazi ya Wema Bundala. Mama anayeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pale kona atakwambia ni mwandishi wa habari. Fundi baiskeli anasema ni mtu wa kompyuta. Kaka yake Januarius, katekista, mtu wa maneno yaliyonyooka kama rula, alisema kwa muda mrefu kwamba dada yake anauza upepo. Wema mwenyewe akiulizwa hucheka kwanza, maana kicheko chake kiko karibu siku zote, kisha hujibu kwamba yeye anatangaza watu. Jibu hilo haliwatoshi, na hawana lawama. Mpaka mtu asikie habari ya Mariana wa Migato ndipo anapoelewa.

Wema alizaliwa Nkoma, mtoto wa tano wa wakulima wa pamba. Baada ya kidato cha nne alijifunza kupiga chapa, akapata ukarani katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Miaka tisa alikaa nyuma ya kidirisha akiandika stakabadhi. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo makarani wenzake hawakulijali: mkulima hafiki kwenye mizani na pamba tupu, anakuja na hadithi yake. Huyu shamba lake lilinusurika na tembo kwa kupigiwa madebe usiku kucha. Yule alipanda mara tatu, mvua ikimchezea. Makarani wengine walisema, "Haya mzee, sogea, foleni." Wema alisema, "Halafu ikawaje?" Foleni ikawa ndefu, meneja akafoka, na Wema akaendelea kuuliza.

Hadithi hizo akaanza kuziandika kwenye blogu. Akaiita Ngitili, yaani yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Kila alichokiweka kwenye blogu alikirusha pia kwenye kurasa zake za mitandao, na watu wakaanza kuja kidogo kidogo, kwanza wa Bariadi, kisha Wasukuma waliotawanyika kila pembe, wenye kiu ya kusikia mambo ya nyumbani. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, Wema alitoka na vitu viwili tu vya maana: kompyuta mpakato yenye herufi mbili zilizong'oka, na wafuasi elfu thelathini na moja.

Lakini wafuasi hawaliwi. Katika kutafuta tafuta ndipo alipokikuta kisanduku. Wataalamu hukiita wijeti. Kampuni moja ya ng'ambo inakutengenezea, unakibandika pembeni mwa blogu yako, basi. Mwenye biashara akipita, anaandika humo maneno yake, anaweka picha, analipa kwa simu. Ukikubali, tangazo linaruka lenyewe hadi kwenye kurasa zako zote, na chini yake kampuni inaweka maandishi madogo ya kijivu: Tangazo lililolipiwa. Kampuni inakata chake, kinachobaki ni chako.

Wema alikibandika mwezi wa pili. Januarius akaja kukitazama, mikono nyuma, kama anayekagua sakristia.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Sasa wewe unataka ulipwe kwa kuvitembeza vibaya vya watu."

"Kaka, nipe mpaka msimu wa pamba uishe. Kisiponilisha, nafunga kompyuta, narudi Nkoma kulima."

"Umesema?"

"Nimesema."

Na katika nyumba ile, neno likishasemwa mbele ya mkubwa halirudi mdomoni. Tangu siku hiyo Wema alikuwa anajua kabisa anashindania nini: kisanduku kijae, au maisha yake yarudi kwenye jembe, na hadithi zote zile zikauke.

Mwezi wa tatu kisanduku kilikaa kitupu. Wa nne, kitupu. Wa tano akaja mteja mmoja, kampuni ya mikopo ya simu isiyojulikana hata ofisi yake iko wapi. Walikuwa tayari kulipa vizuri, ila kwa sharti: Wema aandike kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyekopa na kufanikiwa, na yale maandishi ya kijivu ayafiche, maana watu wakijua tangazo limelipiwa hawaliamini. Wema alikaa na ujumbe ule nusu siku, njaa ikimshauri vibaya. Kisha akakataa, akapika ugali, akala na majani ya kunde, akalala na hasira.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa inauzwa na ngoma za mavuno zimeanza kusikika vijijini, mzee mmoja alisimamisha baiskeli mlangoni kwake. Alikuwa mrefu, mkavu, anachechemea mguu wa kushoto, na nyuma ya baiskeli amefunga kitu ndani ya gunia. Wema akapiga goti kumsalimu kwa Kisukuma, akimwita guku, yaani babu, naye akiitwa mayu, mama.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Mimi ni Limbu Ndaki, natoka Migato. Nimesikia mnadani kwamba wewe una mahali pa kutunzia."

Wema hakuelewa. Mzee naye alishangaa kwamba hakuelewa. Kwani si yeye aliyeweka kisanduku, mtu anatia fedha, na jina linatangazwa mpaka Mwanza na Dar es Salaam? Basi hiyo ni mbina, alisema Limbu, hiyo ni ngoma tu ya kawaida, isipokuwa uwanja wake ni mkubwa.

Hapo Wema akacheka mpaka akashika mlango, kwa sababu mzee alikuwa amekosea, na katika kukosea kwake amepatia kuliko kampuni yenyewe. Wasukuma wanajua sana mambo haya. Ngoma ikikolea, mtu anaingia uwanjani, anamtunza mwimbaji fedha mbele ya macho ya wote, na mwimbaji anaimba jina lake, baba yake na madume yake. Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Huku Simiyu hata asiyecheza hutunza, ili mradi ana kitu anachotaka dunia ikisikie.

"Unataka niwasifie ng'ombe wako, guku?"

"Ng'ombe wangu wameimbwa miaka arobaini. Mimi pia nimeimbwa." Mzee alianza kufungua kamba za gunia, polepole. "Mwaka jana mwimbaji aliimba, Limbu mwenye ng'ombe sitini, Limbu mwenye zizi lisilo na mlango. Nikageuka nikamwona Mariana, mke wangu, amesimama pembeni na ndoo ya maji, anangoja wachezaji wapumzike awanyweshe. Nikaona aibu, mayu. Aibu mpaka nikaondoka ngomani."

Katika gunia mlikuwa na jembe. Lilikuwa limelika kwa kulima mpaka bamba lake limebaki kama kiganja cha mtoto. Limbu aliliweka mezani, akaeleza. Mwaka mmoja wa zamani, ng'ombe wao wawili wa kulimia walikufa kwa ugonjwa ndani ya wiki moja, na yeye mwenyewe yuko kitandani, mguu umevunjika. Mariana, na mtoto mgongoni, alilima ekari sita za pamba kwa mkono. Peke yake. Fedha ya pamba ile ilinunua mitamba wawili, na zizi lote la Limbu Ndaki limetoka kwa mitamba wale.

Wema, mtoto wa wakulima, alilitazama jembe na mwili ukamsisimka. Anajua ekari moja ya udongo mweusi inavyomfanya mtu mgongo. Sita! Aliuliza mwaka, akauliza shamba liko upande gani, akauliza mtoto aliyekuwa mgongoni anaitwa nani na yuko wapi, maana kwake sifa isiyo na mwaka wala shamba ni kelele. Kisha wakaandika pamoja:

"Mariana, mke wa Limbu Ndaki wa Migato. Mwaka ng'ombe wetu walipokufa na mimi nimevunjika mguu, alilima ekari sita za pamba kwa jembe hili, mtoto mgongoni. Zizi langu lote limetoka hapo. Mimi nimeimbwa sana. Yeye hajaimbwa. Leo namtunza."

Limbu akalipia kwa simu yake ya tochi, akaomba aonyeshwe litakavyotokea. Wema akamwonyesha, akawahi kuomba radhi kwa yale maandishi madogo ya chini. "Hayo hayatoki, guku. Kampuni ndiyo inaweka."

"Yanasemaje?"

"Kwamba limelipiwa."

"Sasa mbona madogo?" Mzee alikasirika kweli. "Yakuze! Sifa ya bure hata mlevi anaitoa. Mtu akilipa, kila mmoja anajua kuna aliyeumia mfukoni kwa ajili ya jambo hilo. Weka na jina langu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba juu ya picha ya jembe Wema aliandika kwa herufi nyekundu za kuonekana toka mbali: LIMELIPIWA NA LIMBU NDAKI, KWA FEDHA YA PAMBA YAKE. Alibonyeza kukubali, tangazo likaruka. Mzee akafunga jembe lake kwenye gunia, akasema wabeja, yaani asante, akaenda zake Migato.

Kilichofuata Wema anakisimulia mpaka leo akiwa ameshika kifua. Asubuhi alikuta watu elfu nne wamelisoma. Jioni elfu tisa. Maoni yalishuka kama mawele yanavyomwagwa kwenye ungo: watu wa Geita, watu wa Katavi, askari aliyeko kambini kusini, mwanafunzi aliyeko China. Na kisanduku, kile kilichokaa miezi minne kama mzinga usio na nyuki, kikaanza kujaa. Yakobo wa Sapiwi alimtunza dada yake aliyeacha shule ili yeye asome. Kikundi cha wanawake wa Nkoma kilimtunza mkunga. Mtu mmoja alimtunza punda, na Wema, baada ya kusikia habari za huyo punda, akaona anastahili. Wote walisisitiza jambo moja: ionekane kwamba limelipiwa. Mwezi wa saba likaingia tangazo la kumsifu mpiga kengele wa kigangoni, limelipiwa kutoka namba ya Januarius. Ndugu hawa wawili hawakulizungumzia, lakini Jumapili ile Januarius alimletea dada yake kuku.

Basi Wema akalipa kodi ya nyumba, akanunua kompyuta yenye herufi zote, na akaamini amevuka.

Mwezi wa nane, katikati, ikaja barua pepe ya kampuni ya kisanduku. Ilikuwa ya Kiingereza cha ofisini, kile kisicho na sura ya mtu ndani yake. Akaunti yake imesimamishwa. Watangazaji hamsini na wanane katika wiki saba, na hakuna hata mmoja anayeuza kitu. Maandishi ya malipo, ambayo duniani kote watu hujaribu kuyaficha, kwake yamekuzwa kwa rangi nyekundu. Kampuni ina mashaka kwamba watu hao hawapo, na kwamba mwenye akaunti anajilipa mwenyewe kwa majina ya kubuni. Ana siku saba za kuthibitisha kwamba ni watu wa kweli. Asipothibitisha, kisanduku kitafungwa, na matangazo yote yaliyopitia humo yatafutwa.

Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Kurudi Nkoma angerudi, jembe halimuui mtu. Lakini kufuta? Amepokea tunzo za watu, amewaimba, halafu jina la Mariana litoweke kama halikuwahi kutajwa? Hakuna mwimbaji Usukumani aliyewahi kufanya aibu ya namna hiyo. Alilia kidogo, akanawa uso, akapakia simu mbili na chaja kwenye begi, akapanda bodaboda kwenda Migato. Alipanga aanze na Limbu, achukue picha na saini yake, kisha azunguke kwa wale wengine hamsini na saba.

Alimkuta Limbu anatengeneza ua la zizi, na Mariana anaanika maharage. Mariana ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye macho ya upole yasiyokimbia. Wema akapiga goti, wakasalimiana kwa kirefu, mvua, mifugo, wagonjwa, kisha akasema amekuja kwa ajili ya lile tangazo.

"Tangazo gani?" aliuliza Mariana.

Wema akamtazama Limbu. Limbu akaitazama miguu yake. Mzee huyu, aliyetaka nchi nzima ijue, alikuwa hajamwambia mkewe! Wiki saba alikuwa anaona haya.

Ikabidi Wema atoe simu. Mtandao pale unashika sehemu moja tu, upande wa ghala la pamba, kwa hiyo wote watatu wakaenda kusimama kivulini mwa ghala, na Wema akasoma. Alisoma taratibu mpaka mwisho, "Leo namtunza." Mariana alimwangalia mumewe, na Limbu, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, kwamba alipaswa kuyasema zamani.

"Hii namba ni nini?" Mariana aliuliza hatimaye.

"Ni watu waliolisoma, mama. Elfu kumi na tisa na mia mbili."

"Elfu." Alilirudia neno kama anayelipima uzito. Migato nzima, na vitongoji vyake vyote, na waliolala makaburini, haiwezi kufika huko. "Na haya maneno ya chini?"

"Wanakusalimia. Huyu anasema shikamoo bibi. Huyu, shikamoo mama Mariana, Mungu akutunze. Huyu, mwangaluka mayu. Ni elfu moja na kitu."

"Nani amewaitikia?"

Wema hakuelewa swali. "Hakuna, mama. Ni maoni tu."

Mariana akaweka mkono mdomoni. Uso wake, uliokuwa umetulia mbele ya elfu kumi na tisa, sasa ukajaa fadhaa. "Wiki saba watu wananiamkia, na mimi nimekaa kimya? Watoto wa watu wanasema shikamoo, shikamoo, na hakuna marahaba? Wataniona mimi ni mtu gani?"

"Mama, huku mtandaoni watu hawangoji kuitikiwa."

"Wanangoja," alisema Mariana. "Anayesalimia anangoja. Lete kigoda."

Alikwenda ndani, akanawa, akajifunga kilemba cha kanisani na kitenge kipya, kwa sababu huwezi kupokea wageni elfu moja na nguo ya shambani. Akakaa kwenye kigoda kivulini mwa ghala, magoti pamoja, mgongo wima. "Anza na wa kwanza aliyefika," aliagiza. "Tusimruke mtu."

Wema alikuwa na siku sita na watu hamsini na saba wa kuwatafuta. Alifungua mdomo aseme hivyo, akaangalia kile kilemba, akaufunga. Mkubwa akikutuma salamu, unapeleka salamu. Akakaa chini kwenye mkeka, akasoma jina la kwanza.

Mariana hakujibu kwa mkato. "Marahaba, mwanangu Tumaini wa Geita. Hujambo? Huko mmevuna? Wewe ni mtoto wa nani?" Kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja kwa jina lake na kwa habari yake. Aliyesema ameguswa kwa kuwa mama yake pia alilima, Mariana aliuliza alilima nini, na kama bado mgongo unamuuma. Aliyeandika matani, alitaniwa. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba hadithi hii ni ya uongo, mwanamke hawezi ekari sita. Wema alitaka kumruka. "Msome," alisema Mariana, akafikiri, akajibu: "Hujambo, baba. Hata mimi nilidhani siwezi. Msalimie mama yako."

Jua lilizunguka ghala, nao wakahamisha kigoda. Limbu aliwaletea maziwa ya mgando, akakaa karibu, akasikiliza kama mtu anayesikia ngoma mpya. Na majibu yakaanza kujibiwa. Tumaini wa Geita alirudi na jina la baba yake na la ukoo wake. Daktari wa mifugo aliyeko Songea alieleza kwamba yeye ni mjukuu wa Ng'washi wa Sapiwi, na Mariana akapiga kofi, maana Ng'washi alikuwa rafiki yake wa kuchota naye maji. Wema alichapa mpaka vidole vikafa ganzi. Katika miaka yote ya kutangaza alidhani anajua ukubwa wa mambo haya. Sasa aliona mwanamke mmoja ameketi kwenye kigoda Migato na nchi nzima inapita mbele yake mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka ameulizwa hali. Alishikwa na kicho. Kicheko chake kikanyamaza kabisa.

Hivyo ikapita siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Simu moja ikichajiwa kwenye paneli ya sola, nyingine inafanya kazi. Wema alilala chumba cha wageni, na kila alfajiri alikumbuka tarehe ya kampuni, na kila alfajiri Mariana alikuwa amekwisha jifunga kilemba. Siku ya nne akajisemea kwamba yamekwisha. Hata akiondoka saa hiyo hatawafikia watu kumi. Akapiga moyo konde, akasoma jina lililofuata.

Siku ya tano, kama saa tatu asubuhi, wakiwa wamewafikia wale waliosalimia hivi karibuni, Wema alisoma jina, akakwama.

"Nani huyo?" aliuliza Mariana.

"Anaitwa Ines. Ni mgeni, mama. Kiswahili chake amekitoa kwenye mashine." Wema alisogeza simu karibu. "Anasema hivi: Shikamoo bibi. Mimi ni mkaguzi wa kampuni yenye kisanduku. Kazi yangu ni kutafuta watu wa uongo. Nimekaa siku tatu nikisoma majibu yako yote. Naomba uniambie kama wewe ni mtu wa kweli."

Limbu akasimama. Hilo, kwake, lilikuwa tusi. Wema naye akaanza kuchapa habari yote, barua, siku saba, hamsini na wanane, kisha akafuta. Mariana peke yake ndiye hakushtuka. Kwake huyu alikuwa mtu wa mia tisa na themanini na kitu, amesalimia vizuri, anastahili kujibiwa kama wenzake.

"Andika," alisema. "Marahaba, mwanangu Ines. Hujambo? Pole na kazi, kutafuta waongo kunachosha. Mimi nipo. Nina miaka sabini na moja, nimekaa nje ya ghala letu, mume wangu huyu hapa amekasirika kidogo, atapoa. Na wewe? Wewe ni mtoto wa nani?"

Wema akatuma. Wakasubiri, ingawa Mariana aliona hakuna haja ya kusubiri, wengine wapo kwenye foleni. Dakika zikapita. Ng'ombe walikuwa wanatoka zizini, na Limbu, ambaye hajawahi kukosa kuwatazama wakitoka, aliwapa mgongo akaitazama simu.

Jibu likaja. Wema alilisoma mara moja kimya, kisha kwa sauti.

"Mimi ni mtoto wa Rosalinda. Alifua nguo za watu kwa mikono miaka thelathini na moja ili mimi nisome. Tangu tumzike, wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza jina lake."

Mariana alifunga macho kidogo. Kisha akamgeukia Wema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyahangaikia.

"Mwambie tumesikia," alisema. "Rosalinda. Mwambie huku Migato tumemsikia Rosalinda. Muulize alikuwa anafua kwenye maji ya mto au ya bomba, na kama mikono ilikuwa inampasuka wakati wa baridi. Muulize vizuri, usimharakishe."

Wema akaandika, na Ines akajibu, na Mariana akauliza tena, na ilichukua karibu saa nzima kumaliza habari za Rosalinda kama anavyostahili.

Kisanduku kilifunguliwa kabla ya saa sita mchana. Taarifa iliingia kwenye barua pepe ya Wema, mistari miwili tu: akaunti imerudishwa, na hakuna tangazo litakalofutwa. Yeye hakuiona mpaka alasiri. Zilikuwa zimebaki salamu arobaini na tatu, na Mariana alikuwa amesema hatoki kwenye kigoda mpaka ziishe.